Kiingereza cha Ufagio na Ndoo, Bure Kabisa

Jumanne, 8 Aprili

Raimonda amepiga simu. Anarudi! Miezi mitano Ayalandi, hotelini, anatandika vitanda vya watu, na sasa mke wangu anarudi kula Pasaka nyumbani. Jumamosi Kuu, saa tano asubuhi, kituo cha mabasi. Nimerukaruka jikoni kama mtoto. Nikakanyaga sufuria.

Halafu akasema la pili. Hoteli inamtaka asaini mkataba wa miaka miwili. Karatasi anayo mkobani, hajasaini. Ataamua akishaiona nyumba. Amesema kwa ile sauti yake ya upole, ile ninayoiogopa, kwamba miezi mitano amesugua vyoo vya wageni, kwa hiyo nyumbani kwake hagusi tambara. Akikuta vioo vile vile alivyoviacha alipokuja likizo ya Krismasi, anasaini papo hapo juu ya meza yangu chafu, na miaka miwili nitamsikia kwenye simu tu.

Nimetazama vioo. Mwanga unaingia, ila kwa shida. Nimetazama meza. Sijaiona.

Ng'ambo ya ua dirisha la Šniukšta linameta. Huyu ndiye mwenyekiti wa jengo letu, anakaa upande wa pili wa kona, ghorofa ya tatu. Kila mwaka anaosha vioo wiki tatu kabla ya Pasaka ili sisi wengine tuone haya. Amenipungia mkono. Nimejifanya sijamwona, na kwa vioo hivi mtu angeniamini.

Saa tisa alasiri. Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa natafuta pa kuficha sufuria. Nikavuta droo, nikakuta daftari la Raimonda, lile alilojifunzia kabla ya safari. Juu kaandika: Maneno ya Usafi na Kuosha. Kushoto Kiingereza, kulia Kilituania. Broom, šluota, yaani ufagio. Bucket, kibiras, yaani ndoo. Kurasa kumi na nne! Hapo hapo akili ikawaka. Nusu ya jengo hili wana mtu ng'ambo, nusu nyingine wanataka kwenda. Wote wanahitaji maneno haya. Na neno la kusugua utalijuaje bila kusugua? Na utasugua wapi? Kwangu! Mimi nashika daftari tu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki chache, lakini zinafanya kazi.

Jumatano, 9 Aprili

Tangazo limebandikwa kwenye ngazi: KIINGEREZA CHA USAFI. BURE KABISA. MBINU YA VITENDO. MWALIMU E. DRUNGILAS, GHOROFA YA PILI, SAA KUMI JIONI. Kibanda changu cha kuchonga funguo nitakifunga saa tisa. Funguo zitasubiri.

Kufikia mchana nina watatu! Wa kwanza Mama Bronė wa chini, miaka sabini na mmoja, aliyeendesha winchi za ujenzi maisha yake yote. Wajukuu zake wako Manchester na wanajua Kiingereza tu. Anasema wakimpigia simu ya picha anabaki kuwatabasamia kama picha ya ukutani, na amechoka kuwa picha. Wa pili Akvilė, binti wa miaka ishirini na miwili, mwezi wa sita anaenda kufanya kazi hotelini Dublin. Anaogopa watamrudisha siku ya kwanza. Wa tatu Rimgaudas, mjane. Haendi popote. Alisikia tu kwamba kutakuwa na watu.

Šniukšta amesoma tangazo akiwa na miwani, kisha bila miwani. Akauliza mbele za watu, tangu lini mtu asiyejua ufagio unashikwa upande gani akafundisha jina lake? Ngazi nzima ikacheka. Nikacheka nao, kiungwana. Moyoni nilimtukana mpaka babu yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Somo la kwanza. Balaa! Wameketi!

Daftari magotini, kalamu mkononi, wametulia kama wako kanisani. Nikasema ufagio kwa Kiingereza, wakaandika. Nikangoja. Wakangoja. Mama Bronė akaomba neno linalofuata. Kwa mwendo huo wangemaliza daftari kwa saa moja na uchafu wangu ungebaki palepale!

Nikamshikisha Mama Bronė ufagio, nikamwambia afagie, na kila akivuta ataje jina. Akaniambia, mwanangu, mimi nafagia tangu sijamaliza kung'oka meno ya utoto, nipe jina tu, ufagio naujua. Nikamweleza kisayansi. Neno linaingia kwenye kiganja, linapanda mkono, linafika kichwani, linakaa. La kuandika linabaki kwenye karatasi. Akanitazama sana. Akafagia.

Na likaingia! Alipofika mlangoni alikuwa analitaja kwa sauti ya mtu anayeamuru winchi. Rimgaudas akataka zamu yake. Akvilė naye akasema zamu ni yake, yeye ndiye mwenye safari. Kidogo wapigane! Ufagio mmoja, watu watatu. Nimewaambia kesho kila mtu aje na wake. Wametoa ndoo tatu za takataka, soksi moja ya Krismasi, na miwani yangu ambayo nilikuwa nimemsingizia Šniukšta. Sijamwomba radhi. Kwani anajua?

Ijumaa, 11 Aprili

Wanane! Habari imepanda ngazi na kushuka. Leo ndoo, tambara na kioo. Siki, maji ya moto na magazeti ya zamani, kama walivyofanya mama zetu. Nimewagawia kila mtu vipande vyake vya dirisha. Walivyovisugua! Rimgaudas alikuwa anapumulia kioo, anafuta, anapumulia tena, anataja neno, anatabasamu. Nilisimama katikati na daftari. Mwalimu hapa, mwalimu pale. Sijawahi kuitwa mwalimu maishani. Ni tamu, jamani.

Kikwazo kidogo. Akvilė aliiuliza simu yake jinsi neno linavyotamkwa, simu ikatamka tofauti kabisa na mimi. Watu wote macho kwangu. Nikasema simu hiyo ni ya Kimarekani, mimi nafundisha cha Ayalandi. Wakaandika na hilo pia.

Jikoni pameng'aa. Mtaa unaonekana! Kumbe kuna mti kule.

Saa kumi na mbili. Ebo! Šniukšta amebandika tangazo pembeni ya langu: KIINGEREZA CHA USAFI KWA MWALIMU ANAYEKIJUA. KAHAWA. KEKI. Keki ya mkewe hiyo, yenye mbegu za mpopi. Mchezo mchafu.

Jumamosi, 12 Aprili

Saa kumi, hakuna mtu. Saa kumi na nusu, hakuna mtu. Nimekaa peke yangu na daftari. Nikaenda kutazama bafu. Bafu likanitazama. Zimebaki siku saba. Nilimwona Raimonda kabisa, amesimama na koti lake, kalamu mkononi. Roho iliniuma. Nilikaribia kushika sponji mwenyewe. Nilikaribia, sikushika.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Wote wanane!

Mama Bronė ndiye aliyesema. Keki wameila, keki nzuri, hana la kuisema. Lakini kwa Šniukšta hakuna cha kujifunzia. Amesugua sinki lao mpaka akaona sinki linamcheka. Wamehamisha kabati, chini yake kumefagiliwa. Wameingiza vidole nyuma ya friji, vimetoka safi. Akvilė amekaribia kulia, amesema yeye anahitaji doa gumu, doa la kweli, huko Dublin hawatamwekea madoa ya kitoto. Mama Bronė akanishika bega akasema, turudishe kwako mwalimu, kwako ndiko kuna elimu.

Machozi yalinitoka! Raimonda miaka kumi na nane anasema uchafu wangu haumfai mtu. Angewaona hawa! Nikawafungulia chumba cha kulala. Wakapiga makofi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Kanisani. Kama kawaida ya siku hii kila mtu anamchapa mwenzake na tawi la verba, lile linalobarikiwa kanisani, akisema: sikuchapi mimi, linakuchapa tawi, utanipa yai la Pasaka? Watu wanagusana begani, wanacheka. Šniukšta amenikuta mlangoni. Tawi lake lilikuwa refu na lenye miiba. Amenichapa mara tatu, mara ya tatu kwa mikono miwili. Tawi gani hilo linachukia mtu hivyo?

Kisha akasema kesho anajiandikisha. Kwangu. Nikauliza kulikoni, yeye si anakijua? Akasema elimu haina mwisho. Kuna jambo hapo. Lakini ana glovu zake, ana brashi zake sita, na oveni yangu inahitaji mtu jasiri. Nimempokea.

Jumatatu, 14 Aprili

Šniukšta ni mwanafunzi bora darasani! Nimesema. Nimeandika. Aliingiza kichwa kwenye oveni saa kumi, akakitoa saa kumi na mbili, macho yanang'aa. Maskini, miaka ishirini kwake hajaona grisi. Ameniuliza kwa sauti ya chini, mkewe asisikie, kama anaweza kuipata tena kesho. Nimemwambia tutaona, wanafunzi wengi wanaitaka.

Bafu nalo limekwisha. Mama Bronė na brashi ya meno, akisugua mistari ya vigae na kutaja kila neno la ukurasa wa tisa. Jana usiku wajukuu walimpigia, akawaambia kwa Kiingereza kwamba yeye anasuuza ndoo. Wakamjibu! Mtoto mdogo akaleta ndoo yake ya kuchezea mbele ya simu amwonyeshe. Anasimulia huku anafuta machozi kwa sponji.

Nimempelekea Raimonda picha ya bafu. Akauliza bafu la nani hilo. Nikapiga nyingine, uso wangu ukiwa kwenye kioo. Kisha akapiga simu, akaniita kwa lile jina la wakati wa uchumba wetu. Lile jina! Tangu tununue friji hajaliita.

Sitasema nani amesugua. Hajauliza. Asiyeuliza hajadanganywa.

Jumatano, 16 Aprili

Imekwisha! Nyumba inameta kuanzia mlangoni mpaka roshani. Nyanya yangu kwenye picha ya ukutani anaonekana ana shanga, miaka yote hatukujua.

Nikakusanya darasa, nikawaambia kozi imefikia mwisho, asanteni, mmejitahidi, kwaherini. Hakuna aliyetikisika. Mama Bronė akakunja mikono, akauliza karamu lini.

Karamu gani?

Hapo Šniukšta akasimama. Akavua glovu, kidole kimoja kimoja. Akasema watu tisa, wiki nzima, nyumba moja, kazi bila ujira. Kitu hicho kina jina tangu enzi za mababu, ni talka, kazi ya ujima. Na talka inamalizikaje? Wakajibu wote kwa sauti moja: kwa mwenye nyumba kulisha watu! Kumbe ndicho alichojiandikishia! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa ndani ya oveni yangu.

Nikasema hii haikuwa talka, ilikuwa shule. Akasema sawa, basi tupe vyeti, vyenye muhuri. Sina muhuri. Nina mashine ya funguo. Nikasema nitawapa chai na biskuti. Mama Bronė akatikisa kichwa kwa huruma. Akasimulia kwamba mwaka sabini na tisa kijijini kwao walimjengea mtu ghala kwa talka, akawapa chai. Mpaka leo watu wakipita kaburini kwake wanasema, huyu hapa, yule wa chai.

Kesho saa tisa. Nimekubali. Nitawapa kidogo, kiuchumi.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Mama mkwe alituletea paja zima la nguruwe la kukaushwa kwa moshi, la Pasaka. Na mayai thelathini. Mpango wangu: paja nilikate vipande vyembamba kiasi cha kuuona mtaa kupitia kwavyo. Nilikata viwili. Cha tatu Mama Bronė akaninyang'anya kisu. Akasema kesho ni Ijumaa Kuu, ni mfungo, nyama ikibaki ndani itatutia majaribuni, kwa hiyo dini inataka iishe leo. Huwezi kubishana na dini. Ikaisha.

Wanafunzi tisa walikuja na waume, wake, na shangazi mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Rimgaudas alileta bia aliyoipika mwenyewe, tangu mkewe afariki hakuwahi kuipika. Šniukšta akaleta kodiani. Meza ikajaa kugelis, viazi vile vya kukwaruza na kuoka, mafuta ya nguruwe yanachuruzika. Samaki wa chumvi na bitiruti. Halafu polka! Rimgaudas na Mama Bronė walizunguka sebule mpaka bakuli la bitiruti likaruka ukutani. Watu wakashangilia. Na mimi nilishangilia. Nilifurahi, siwezi kuficha, nilicheza na yule shangazi.

Kilichoniua ni vioo. Kila mmoja alitaka mwenzake aone kipande chake. Hiki nilifuta mimi! Hapana, chako ni kile, changu hiki hapa! Na kila aliyesema hiki hapa alikigusa kwa kidole. Kidole cha kugelis.

Saa moja jioni wameondoka. Wamenikumbatia mmoja mmoja. Wamesema haijapata kutokea talka kama hii.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimeamka. Nimeona. Nimerudi kulala. Nimeamka tena, ipo vilevile.

Ni mbaya kuliko Krismasi. Krismasi hapakuwa na bitiruti darini.

Nimepita mlango kwa mlango kutangaza marudio ya masomo. Marudio ya dharura! Hakuna aliyekubali. Ijumaa Kuu hatutimui vumbi, wamesema. Mama Bronė akanifungulia kidogo tu, akanong'ona kwamba anayefagia leo atalisha viroboto mwaka mzima, nenda ukasali mwanangu. Akafunga mlango polepole.

Lakini maji si vumbi! Nimeingiza mapazia yote kwenye mashine. Na shati langu jeupe. Na kitambaa cha meza, kile cha bitiruti. Saa moja na nusu baadaye vyote vimetoka waridi. Vyote, kwa usawa kabisa, hilo nalo ni ufundi. Nimevitundika. Waridi ni rangi ya sherehe.

Sijashindwa! Nina mpango. Kesho kutoka kituoni nampeleka Raimonda kwa mama yake moja kwa moja, tunarudi giza limeingia. Taa zote nimeshang'oa balbu. Asichokiona hakimuudhi. Jumapili alfajiri nitafikiria Jumapili.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Nilinunua maua saba. Njiani moja likavunjika. Yakabaki sita! Maua ya shufwa ni ya marehemu, na mke wangu ndiyo kwanza anashuka basini. Nikang'oa moja nikalitia mfukoni. Matano. Kidogo nimpokee kama maiti.

Amekonda. Amenikumbatia, ananukia sabuni. Nilisahau mipango yote kwa dakika nzima. Kisha nikakumbuka, nikasema mama yako anatungoja. Akasema nyumbani kwanza. Amebeba picha ya lile bafu kwenye simu yake siku tano, anataka kuliona kwa macho. Nikamwambia umeme umekatika. Akasema ni saa tano na nusu mchana, Evaldas.

Jua lilikuwa kali. Nani alilialika?

Mlango ukafunguliwa. Akasimama. Akatazama ukuta, akatazama mapazia, akatazama vioo. Nikasema tumeingiliwa na wezi. Akauliza wezi gani hao wanaokula kugelis. Akafungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Akatafuta pa kusainia. Meza ina mafuta. Kizingiti cha dirisha kina bia. Kiti kina bitiruti. Akazunguka nyumba nzima na karatasi yake juu, asipate mahali safi! Mimi nyuma yake, moyo mkononi, naomba kila kitu kiwe kichafu zaidi. Hatimaye akaiegemeza karatasi kwenye mlango wa bafu. Kalamu ikagusa.

Ngo ngo ngo. Akvilė! Amesikia mke wa mwalimu amefika kutoka Ayalandi. Akamsalimu kwa Kiingereza, akauliza nadhani swali kuhusu shuka. Raimonda akamtazama yule binti. Kalamu ikashuka. Akamjibu. Akamrekebisha. Akamuuliza ataenda lini, nani atampokea. Wakaketi kwenye ngazi, koti bado mwilini, na Raimonda akamwambia yote: vyumba kumi na vinne kwa zamu moja, mgongo unavyouma wiki ya kwanza, la kumjibu mgeni anayekufungulia hajavaa, na lipi usikubali kulifanya hata bosi akikuamuru. Akvilė anaandika, analia, anaandika. Nusu saa. Mimi nimeshika maua.

Kisha wakashuka na kupanda wengine, na Mama Bronė akamwaga kila kitu kwa pumzi moja. Kwamba mume wako ametufundisha kwa daftari lako mama, kwamba mpaka Jumatano nyumba ilikuwa inawaka, kwamba tuliofuta ni sisi na tuliochafua ni sisi, na yeye hakugusa kitu, haki ya Mungu, alishika daftari tu.

Nikafumba macho. Nikasikia sauti. Raimonda anacheka! Anacheka mpaka ameshika ukuta, mkono umepata bitiruti, anacheka zaidi.

Kisha akaacha kucheka. Akaketi kwenye kiti safi alichokileta Šniukšta kutoka kwake, akafunga daftari, akataja neno. Kwa Kiingereza. Akaniangalia. Akasema mtihani wa mwisho, mtahiniwa ni mmoja. Nikisikia neno nilete kitu na nikitumie.

Sikulijua! Wiki nzima nafundisha, sijashika hata moja! Wanafunzi wangu wakanizomea. Hata Rimgaudas alijua. Ndoo, mwalimu, ndoo! Nimesugua kuanzia saa saba mpaka jua linazama, wao wameketi kwenye ngazi mlango wazi wanakula mbegu za alizeti. Šniukšta aliinuka mara mbili aje kwenye ile oveni, mkewe akamvuta mkanda. Magoti yangu yamekufa. Neno la ndoo sasa nalijua. Limeingia kwenye kiganja kweli, limetoa lengelenge.

Pasaka, 20 Aprili

Majirani wameleta mayai, kila mlango mawili matatu. Šniukšta ameleta paja la nguruwe, nusu. Tumegonganisha mayai, la Raimonda limeyavunja yote, hata langu nililolichagua kwa siri kwa kuligonga na meno.

Kuhusu karatasi hajasema neno. Iko mezani, imekunjwa. Nimeipita mara arobaini.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Amesaini.

Baada ya chai, mezani, pasafi, mbele yangu. Miaka miwili! Nikatazama mkono wake unavyoandika jina letu la ukoo nikahisi nimekuwa mjane kama Rimgaudas.

Kisha akaigeuza karatasi, akanisogezea na kalamu. Ukurasa wa pili. Jina langu! Hoteli inataka watu wawili, wameandaa chumba cha juu kwa mume na mke. Alikuwa ameshawaomba tangu Februari, alitaka tu kuona kama mikono yangu inafanya kazi. Amesema mwanafunzi ni mzito lakini anafundishika. Amesema hawezi tena kula chakula cha jioni na simu.

Nimesaini haraka hadi karatasi ikachanika kidogo. Nimembeba! Tumegonga balbu niliyokuwa nimeirudisha. Tarehe kumi na tisa Mei tunaondoka, wawili, pamoja! Lo, furaha gani hii!

Sasa yuko chini kwa Mama Bronė. Nimekaa nafikiri. Vyumba kumi na vinne kwa zamu, kila mtu. Kumi na vinne! Magoti yangu yamesikia yakalia. Lakini hebu tazama. Wageni wa hoteli ni watu gani? Watalii. Hawana kazi asubuhi nzima na wamesafiri mbali kutafuta jambo jipya. Nani aliwahi kuwafundisha Kilituania? Hakuna! Neno la shuka kwa anayevuta shuka, neno la mto kwa anayepiga mto, mlango kwa mlango, saa tatu asubuhi. Nitasimama tu na daftari.

Tangazo nimeshaanza kuliandika. Raimonda bado sijamwambia, nataka alikute huko huko kama zawadi.